Kilemba cha Ukoka: Nafsi na Uraia katika Tawasifu ya Dalip Singh Saund

Tawasifu ya mwanasiasa husomwa kwa tahadhari, na tahadhari hiyo ina sababu. Mshairi akijieleza hutaka aeleweke. Mwanasiasa akijieleza hutaka pia achaguliwe. Ndiyo maana wahakiki wengi huipita tanzu hii kwa haraka, wakiiachia idara za historia na siasa, kana kwamba hapana fani ndani yake. Msimamo huo hauna budi kutiliwa shaka. Mwanasiasa anayejisimulia analazimika kuchagua: aseme nini, anyamaze wapi, amwite nani shahidi, na uchaguzi huo ni kazi ya fani kama ulivyo ule wa mtunzi wa riwaya. Makala haya yanachunguza kitabu kimoja cha aina hiyo, Congressman from India, kilichoandikwa na Dalip Singh Saund na kuchapishwa New York mwaka 1960. Mwandishi wake alikuwa Singasinga wa Punjab, mkulima na mfanyabiashara wa mbolea huko California, ambaye mwaka 1956 alichaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi la Marekani. Hakuna mtu wa asili ya Asia aliyemtangulia kuwa mjumbe mwenye kura katika Bunge hilo.

Huenda msomaji akauliza kitabu hiki kinahusianaje na wasomaji wa Kiswahili. Jibu moja limo katika neno Singasinga lenyewe, na katika mwenzake Kalasinga, ambalo katika mitaa ya Nairobi limekuwa jina la kila mwenye kilemba na ndevu. Inasimuliwa kuwa Kalasinga limetokana na jina la mfanyabiashara mmoja wa siku za mwanzo, Kala Singh. Jina la mtu mmoja limegeuka jina la umma mzima, na wanaolitumia hawajui tena kwamba lilikuwa jina la mtu. Jambo kama hilo lilitokea California kwa njia nyingine. Huko wahamiaji wa Punjab, ambao wengi wao walikuwa Masingasinga, wote waliitwa Hindu, na katika sensa za taifa za mwaka 1920, 1930 na 1940 neno hilo liliandikwa kama jina la rangi ya mtu. Dini ambayo hawakuwa wakiifuata ndiyo iliyofanywa kabila lao. Anayejisimulia katika mazingira ya namna hiyo huanza na kazi ngumu kuliko watunzi wengine, kwa kuwa hana budi kwanza kuliondoa jina alilopewa kabla ya kulitaja lake.

Maisha ya Saund kabla ya siasa yanaweza kuelezwa kwa ufupi. Alizaliwa mwaka 1899 katika kijiji cha Chhajulwadi, wilaya ya Amritsar, kwa wazazi wasiojua kusoma lakini wenye uwezo na walioithamini elimu. Alihitimu shahada ya hisabati katika Chuo Kikuu cha Punjab, na mwaka 1920 akaenda Berkeley kusomea uhifadhi wa vyakula. Huko alikaa katika nyumba ya wanafunzi iliyoendeshwa na Masingasinga wa hekalu la Stockton. Baada ya muda alirudia hisabati, akapata shahada ya uzamili mwaka 1922 na ya udaktari mwaka 1924. Mtu mwenye elimu kama hiyo angetarajiwa kupewa darasa la kufundisha. Saund alikwenda kwenye joto la Bonde la Imperial, karibu na mpaka wa Mexico, akawa mnyapara wa wachuma pamba.

Kwa nini? Hapa ndipo penye kiini cha mambo, na hapa ndipo mwanafunzi wa lugha ana haki ya kukaa zaidi ya mwanahistoria. Sheria ya uraia ya Marekani iliruhusu wageni wa aina mbili tu kuandikishwa kuwa raia: watu weupe, na watu wa asili ya Kiafrika. Swali likawa neno weupe lina maana gani. Novemba 1922, katika shauri la Mjapani Takao Ozawa, Mahakama ya Juu ilisema kwamba weupe si suala la ngozi. Maana yake ni mtu wa jamii ambayo wataalamu wa wakati ule waliiita Caucasian. Miezi mitatu baadaye, Februari 1923, akasimama mbele ya mahakama hiyo hiyo Bhagat Singh Thind, Singasinga aliyekuwa ametumikia jeshi la Marekani katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Thind aliyashika maneno ya mahakama kama yalivyo: wataalamu hao hao waliwahesabu watu wa India ya kaskazini kuwa Caucasian. Majaji hawakumkatalia hoja ya wataalamu. Waligeuka wakasema kwamba maneno ya sheria ni maneno ya mazungumzo ya watu wa kawaida, na mtu wa kawaida akisikia weupe hamfikirii mtu kama Thind.

Mara chache mahakama imeifanya semantiki waziwazi kiasi hicho. Katika shauri la kwanza maana ya neno ilichukuliwa kwa mtaalamu. Katika la pili ilichukuliwa kwa mpita njia. Na katika yote mawili aliyekuwa akiomba alitoka mikono mitupu. Msomi wa lugha hahitaji kuambiwa kwamba kauli ya pili, ikitengwa na matokeo yake, ni kauli nzuri: maana hukaa kwa wasemaji, haikai kwa kamusi. Lakini wasemaji gani? Thind naye alikuwa msemaji, na jirani zake walikuwa wasemaji. Mahakama ilichagua ni nani mwenye lugha, kisha ikaiacha lugha imfukuze mgeni kwa niaba yake.

Hukumu hiyo ndiyo iliyomfunga Saund kwa miaka zaidi ya ishirini. Asiyeweza kuwa raia hakuweza, kwa sheria za ardhi za California za mwaka 1913 na 1920, kumiliki shamba, na hata kukodi kulizuiwa. Wakulima wengi wa Kipunjabi walilima chini ya majina ya watu wengine. Mwaka 1928 Saund alimwoa Marian Kosa, binti wa familia iliyotoka nchi ya Wacheki. Kwa sheria iliyotumika wakati huo, mwanamke Mmarekani aliyeolewa na mtu asiyestahili uraia aliupoteza wake. Kwa hiyo katika nyumba moja palikuwa na baba asiyeweza kuwa raia, mama aliyenyang'anywa uraia, na watoto watatu waliokuwa raia kwa kuzaliwa tu. Hali hii ingetosha kumpa mtunzi mwingine riwaya nzima. Saund anaipita kwa sauti ya utulivu ambayo mwanzoni huonekana kama ukarimu, na baadaye, kadiri kurasa zinavyofunuliwa, huanza kuonekana kama mbinu.

Utulivu huo unahitaji kulinganishwa na kitu, na kilicho karibu kwa wasomaji wa jarida hili ni Maisha Yangu ya Shaaban Robert. Waandishi hawa wawili wanafanana kuliko inavyodhaniwa. Wote waliishi chini ya sheria zilizotungwa na watu waliowahesabu kuwa wa daraja la chini. Wote walikuwa wastahimilivu, wenye kupenda adabu na kuchukia makelele. Wote waliamini kwamba tabia njema ya mtu ni hoja dhidi ya anayemdharau. Hata hivyo Shaaban Robert, anapofika penye kifo cha mkewe na malezi ya watoto, nathari humshinda naye huikubali ishindwe: hugeukia utenzi, akawatungia Hussein na Mwanjaa, na msomaji huona mahali ambapo mtu aliye ndani ya kitabu amepasuka. Katika kitabu cha Saund hapana mahali hapo. Sentensi za Kiingereza chake ni fupi, safi na zilizopigwa pasi; hazikunjamani kwa furaha wala kwa msiba. Mtu mwenye haki ya kulalamika kuliko wengi amekataa kulalamika hata mara moja. Baadhi ya wasomaji wamelisifu jambo hilo kuwa ni ukubwa wa moyo. Ni kweli kwa sehemu. Ni kweli pia kwamba mwaka uliochapishwa kitabu mwandishi alikuwa akiomba kura kwa mara ya tatu.

Mahali ambapo Saund anajieleza kwa uhai zaidi ni penye deni. Kilimo cha Bonde la Imperial kilikuwa kamari. Bei ya saladi ikianguka katika miji ya mashariki, shamba lilizikwa kwa jembe kabla ya kuvunwa. Katika miaka ya mdororo wa uchumi Saund alipoteza alichokuwa nacho, akabaki na madeni makubwa. Sheria ilimruhusu kutangaza kuwa amefilisika na kuanza upya, na jirani zake wengi walifanya hivyo. Yeye alikataa, akalipa kidogo kidogo kwa miaka hadi akamaliza. Baadaye alianzisha biashara ya mbolea, nayo ndiyo iliyomtegemeza alipoingia siasa.

Kisa cha deni kimewekwa katika tawasifu kama nguzo ya nyumba. Msomaji anayekifuata kwa makini ataona kwamba lugha ya daftari la mfanyabiashara inaenea hata kwenye mambo yasiyo ya biashara. Uraia ni kitu kilichodaiwa na kikalipiwa. Imani ya wapiga kura ni akiba. Marekani yenyewe ni mdai mwema ambaye mtu mwaminifu hamkimbii. Hili halikuja kwa bahati. Mhamiaji anayeshukiwa kuwa mpitaji hujitetea kwa kuonyesha kwamba analipa. Lakini daftari lina kurasa mbili, na Saund ameandika upande mmoja tu. Ni nini ambacho nchi ile ilidaiwa na wapunjabi waliosafisha jangwa na kulilima bila haki ya kulimiliki? Ukurasa huo mweupe si kosa la hesabu kwa mtu aliyekuwa daktari wa hisabati.

Mambo yalianza kubadilika wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Saund alikuwa miongoni mwa waliojishughulisha sana kutafuta haki ya uraia, akaongoza chama cha Wahindi wa Marekani kilichoundwa kwa kusudi hilo. Julai 1946 Rais Truman alitia saini sheria iliyowaruhusu watu wa India kuandikishwa uraia, na kuruhusu wahamiaji mia moja tu kwa mwaka. Mia moja, kutoka nchi yenye mamia ya milioni ya watu! Saund aliapa kuwa raia tarehe 16 Desemba 1949. Novemba 1950 wapiga kura wa mji mdogo wa Westmorland walimchagua kuwa hakimu wao, lakini alinyimwa kiti kwa sababu siku ya uchaguzi alikuwa bado hajatimiza mwaka mmoja wa uraia. Alipungukiwa na mwezi mmoja na siku chache. Mwaka 1952 alirudi kuomba kura, akashinda.

Katika kampeni hizo ndipo kinapotokea kisa kinachonukuliwa kuliko vyote. Mtu mmoja alimwuliza kwa kejeli, mbele ya watu, kama akichaguliwa kuwa hakimu atawagawia vilemba au watalazimika kujinunulia wenyewe ili waingie mahakamani. Saund alijibu, kwa ufupi, kwamba yeye ni mtu mvumilivu na hajali mtu amevaa nini juu ya kichwa chake; linalomhusu ni kilichomo ndani. Watu wakacheka, mwuliza swali akatahayari, na jibu likazunguka wilaya nzima.

Ni jibu zuri kwa jukwaa. Mhakiki hana sababu ya kumnyima Saund sifa ya wepesi wa ulimi, na yeyote aliyewahi kuona mchongoano ukiamuliwa na umati atamwelewa. Lakini jibu linastahili kusomwa mara ya pili. Kwanza, Saund hakuwa na kilemba. Alikwisha kukiacha na kunyoa ndevu huko huko Marekani, miaka mingi kabla ya kuomba kura ya mtu yeyote. Mkejeli alikuwa akikipiga kilemba kisichokuwapo, jambo linaloonyesha kwamba kwa macho ya mtu yule kuvua hakukusaidia kitu. Kilemba kilikuwa kimebaki kichwani kwa nguvu ya mtazamaji. Pili, na hili ni zito zaidi, jibu linashinda kwa kukubali kwamba kilicho juu ya kichwa hakina maana. Kwa Singasinga kilemba na nywele ndefu ni alama za imani na ahadi. Hayo yote Saund anayatoa sadaka kwa kicheko kimoja, tena kwa mizani ya nje na ndani ambayo hadhira yake iliipenda: kitambaa nje, akili ndani.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki analisoma tukio hili kwa masikio mengine. Katika miji ya Waswahili kilemba kilikuwa vazi la liwali na kadhi. Kuvikwa kilemba kulikuwa ni kupewa daraja, na hata katika arusi kilemba kimebaki kuwa jina la haki itolewayo kwa heshima ya wakubwa. Mtu akiingia mahakamani Mombasa zamani, alitarajia kumkuta hakimu na kilemba chake. Bila hicho angeuliza hakimu yuko wapi. Kule Westmorland ilimbidi mtu avue ili apate daraja ile ile. Hakuna utamaduni ulio sahihi zaidi ya mwingine katika suala la nguo, lakini mgongano huu unafichua kwamba neno uvumilivu katika jibu la Saund limekaa upande usio wake. Aliyekuwa akivumiliwa ndiye aliyejitangaza mvumilivu, na wale waliostahili kuombwa uvumilivu wakapewa burudani.

Uchaguzi wa mwaka 1956 una mvuto wake, na hapa kitabu kinasisimua kwa haki. Jimbo la 29 la California, lililokusanya wilaya za Riverside na Imperial, lilikuwa ngome ya chama cha Republican. Katika uchaguzi wa awali wa chama cha Democratic, mpinzani wake alikwenda mahakamani akitaka azuiwe kwa hoja ya uraia, kwa kuwa Katiba ya Marekani inamtaka mjumbe awe raia kwa miaka saba. Hesabu yenyewe ni ya kuchekesha: siku ya kura Saund alikuwa hajaitimiza miaka hiyo, siku ya kuapishwa, tarehe 3 Januari 1957, alikuwa ameipita kwa siku kumi na nane. Kesi ilishindwa. Katika uchaguzi mkuu alipambana na Jacqueline Cochran, rubani mashuhuri ambaye mwaka 1953 alikuwa mwanamke wa kwanza kuruka kwa kasi inayopita ya sauti, mke wa tajiri mkubwa, aliyeruka na ndege yake kutoka mkutano hadi mkutano. Saund na familia yake walipita nyumba kwa nyumba. Alishinda kwa asilimia 51 na kidogo.

Mtu aliyeruka kuliko sauti akashindwa na mtu aliyetembea kwa miguu: habari kama hii haihitaji kupambwa, na kwa bahati nzuri Saund hakuipamba.

Mwisho wa mwaka ule ule wa kwanza Bungeni, Saund, aliyekuwa amepewa nafasi katika Kamati ya Mambo ya Nje, alizuru nchi za Asia pamoja na mkewe na binti yake. Huko India alihutubia mabaraza yote mawili ya Bunge kwa pamoja. Mtoto wa Chhajulwadi, aliyeondoka chini ya bendera ya Mwingereza, alirudi akiwa mbunge wa taifa kubwa na kusimama mbele ya wabunge wa nchi huru. Yeyote asiyeguswa na picha hiyo ana moyo mkavu.

Hata hivyo tarehe nazo husema. Septemba 1957, wiki chache kabla ya safari, dunia nzima ilikuwa imeona picha za wanafunzi weusi tisa wa Little Rock, Arkansas, wakizomewa na kuzuiwa kuingia shuleni, hadi Rais Eisenhower alipopeleka askari. Magazeti ya Asia na Afrika yalijaa habari hizo. Wakati huo Marekani ilikuwa ikishindana na Urusi kuvuta nyoyo za mataifa mapya, na hapakuwa na hoja bora ya kupeleka Asia kuliko Mwasia aliyechaguliwa kwa kura za wazungu. Saund alikuwa ushahidi unaotembea. Alijua hivyo, na kitabu chake kinalikubali jukumu hilo kwa moyo mkunjufu: sehemu kubwa ya mwisho wake huacha simulizi na kuingia katika maoni kuhusu misaada na urafiki wa Marekani na nchi za Asia.

Hapo ndipo methali za Waswahili zinapomfaa mhakiki kuliko istilahi za kigeni. Mtu akisifiwa kwa sifa zisizomfaa yeye bali anayesifu, husemwa kwamba amevishwa kilemba cha ukoka. Ukoka ni majani tu; huonekana kijani siku ya kwanza, kesho yake hukauka kichwani. Saund alivua kilemba cha kitambaa, akavishwa hicho. Sheria iliyomzuia kwa miaka ishirini na mitatu ilisahauliwa katika hotuba moja, na taifa lililoitunga likajipongeza kwa kumwondolea. Ni haki kuongeza kwamba Saund hakuwa kipofu wala mamluki: alipiga kura kuunga mkono sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1957, na alizungumza daima kwa niaba ya nchi maskini. Lawama ya makala haya haiuhusu moyo wake. Inahusu fani ya kitabu, ambayo imemfanya shahidi wa utetezi katika kesi ambayo alikuwa mlalamikaji.

Kwamba Saund aliweza kuandika vingine linathibitishwa na kitabu chake cha kwanza. Mwaka 1927 mwandishi wa Kimarekani Katherine Mayo alitoa Mother India, kitabu kilichowachora watu wa India kuwa wasioweza kujitawala. Masingasinga wa hekalu la Stockton walimwomba Saund ajibu, na jibu lake, My Mother India, lilitoka mwaka 1930. Mwandishi wa kitabu kile hana uraia, hana shamba, hana kura ya kupoteza. Anautetea umma wake, anamsifu Gandhi na kuushambulia utawala wa Mwingereza bila kuomba radhi. Fani yake si nadhifu. Hoja zinarudiwarudiwa, na nukuu ni nyingi kuliko inavyofaa. Lakini kuna joto, na kuna nafsi ya wingi: sisi. Miaka thelathini baadaye sisi imekuwa mimi, na India iliyokuwa mama imekuwa mahali alikotoka mtu.

Kuna Singasinga mwingine anayekuja akilini msomaji wa Kenya anapofika hapa, naye hawezi kuachwa. Makhan Singh alizaliwa Punjab mwaka 1913, akafika Kenya mwaka 1927, na kuanzia mwaka 1935 akajenga chama cha wafanyakazi kilichofungua milango kwa watu wa rangi zote. Aprili 1950, Nairobi, alisimama hadharani akadai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata akakamatwa, na hakuachiliwa hadi mwaka 1961. Ndio mwaka ule ule wa 1950 ambao Saund alinyimwa kiti cha hakimu kwa upungufu wa siku chache. Mmoja alikuwa akisubiri kalenda imruhusu kuhukumu. Mwingine alikuwa amekwisha kuhukumiwa. Makhan Singh hakuwahi kuwa mbunge, hata wa Kenya huru aliyoipigania. Kilemba chake hakukivua. Alipoandika, mwaka 1969, alichagua historia ya vyama vya wafanyakazi hadi mwaka 1952, hakuchagua tawasifu. Wawili hao walifariki mwaka mmoja, 1973, Saund Aprili na Makhan Singh Mei.

Ulinganisho huu usitumiwe kumfanya mmoja malaika na mwingine msaliti. Uhakiki wa namna hiyo ulizoeleka mno, na ulimwokoa mhakiki na kazi ya kusoma. Kitabu cha Makhan Singh ni kigumu, kimejaa maazimio na tarehe, na wengi wanaomtukuza hawajakimaliza. Cha Saund husomwa kwa jioni mbili. Tena Saund alikuwa mkulima mwenye madeni na watoto watatu katika nchi isiyomtambua, na njia ya sanduku la kura ndiyo iliyokuwa wazi mbele yake mara tu sheria ilipomfungulia. Linaloulizwa ni kwa nini njia hiyo ilidai bei katika usimuliaji, na kama yeye mwenyewe aliijua bei hiyo. Dalili moja inaonyesha kwamba aliijua, nayo imo katika jalada.

Katika Kiingereza cha siasa ya Marekani, mbunge hutajwa kwa mahali anapopawakilisha: Congressman from California, Congressman from Texas. Kwa hiyo jina Congressman from India, kwa sikio la Mmarekani, lina utani wa siri. Kwa sarufi linasema kwamba India imempeleka mjumbe wake katika Bunge la Washington. Mfasiri atakayekitia kitabu hiki katika Kiswahili atakutana na tatizo hapo hapo mlangoni. Akiandika Mbunge kutoka India, ataeleza asili ya mtu na kuupoteza utani wote. Mbunge Mhindi itamrudisha Saund kwenye lile jina la sensa. Mbunge wa India itaonekana kosa, kwani kihusishi hicho ndicho kitumikacho kwa jimbo, kama mtu asemavyo Mbunge wa Kisumu au Mbunge wa Lamu, na msomaji atadhani habari ni za Bunge la Delhi. Lakini kosa hilo ndilo alilolikusudia mwandishi, na ndimo, katika maneno matatu ya jalada, mtu wa mwaka 1930 alimobaki.

Kitabu hakina mwisho wa maisha aliyoyasimulia, na hakingeweza kuwa nao. Mwaka 1962 Saund alipatwa na kiharusi akiwa safarini kwa ndege, akashindwa katika uchaguzi wa mwaka huo bila kuweza kusimama jukwaani. Aliishi miaka kumi na zaidi baada ya hapo bila kurudi katika siasa. Mmarekani wa pili wa asili ya India kuingia Baraza la Wawakilishi, Bobby Jindal, alichaguliwa mwaka 2004. Mwaka 2005 posta ya Temecula, California, ilipewa jina la Saund, na mwaka 2007 picha yake ikatundikwa katika jengo la Bunge huko Washington, kichwa wazi. Wafasiri wa idara za Kiswahili wangefanya vema kuanza na kitabu cha mwaka 1930.